Balozi wa Malta na bahari: sisi wa mlimani inatuhusu nini?

SWALI: Shikamoo anko. Mi ni dereva bajaji hapa Moshi. Juzi kijiweni Majengo tulikuwa tunamtania dogo mmoja anayehangaikia viza ya Malta, eti kisiwa chenyewe hata kwenye ramani ukitafute na tochi, akatokea mzee mmoja mstaafu akasema msikidharau, kuna balozi wa huko aliitwa Pardo ndo baba wa sheria ya bahari ya dunia nzima, bila yeye Tanzania isingekuwa na eneo kubwa baharini. Ni kweli au alitupiga kamba? Na sisi wa mlimani inatuhusu nini?

JIBU: Marahaba. Mzee hajawapiga kamba, ila pale mwisho kateleza, ntakwambia.

Arvid Pardo kazaliwa Rome mwaka 1914, baba Mmalta mama Mswidi. Wakati wa vita Waitalia walimfunga kwa kumpinga Mussolini, kutoka tu akadakwa na Gestapo, polisi wa siri wa Hitler. Vita ilipoisha akapata kazi Umoja wa Mataifa, na Malta ilipopata uhuru 1964 akawa balozi wao wa kwanza pale. Na ni kweli nchi yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba 316, yani sakafu ya kreta ya Ngorongoro ni kama 260, hebu piga picha.

Sasa tarehe 1 Novemba 1967 huyu balozi wa kanchi hako akasimama New York akaongea asubuhi, watu wakaenda kula, wakarudi, akaendelea. Alikuwa anaongelea sakafu ya bahari kuu, huko chini kilomita nne tano ambako kumetapakaa mabonge meusi saizi ya kiazi, ndani yana manganizi, nikeli, shaba na kobalti. Akasema wakubwa wenye teknolojia wataenda kujigawia, kwa hiyo tukubaliane mapema hii ni urithi wa binadamu wote, asijimilikishe mtu. Kwenye hilo bonge la hotuba ndo yakaanza mazungumzo marefu mpaka sheria ikasainiwa Jamaica 1982 na ikaanza kazi 1994. Tanzania tuliiridhia 1985, na Mzee Warioba unayemjua, waziri mkuu wa zamani, ndo aliongoza tume ya maandalizi ya mamlaka ya sakafu ya bahari, baadaye akawa jaji wa mahakama ya bahari kule Hamburg.

Mzee wa kijiweni kateleza hapa: maili 200 za uchumi tulizo nazo baharini, yani eneo ambalo samaki na mafuta yake ni ya nchi yenye pwani, si Pardo aliyetupigania, wazo hilo Kenya ndo walilibeba sana mwanzoni mwa miaka ya 70 na nchi zetu zikalishangilia, Pardo mwenyewe roho ikamuuma. Chukulia mfongo, yani mfereji wa maji, wa kwa babu yako kule juu, maji ni ya ukoo mzima kwa zamu, halafu siku moja watu wakubaliane kila mtu ajimilikishe kipande kinachopita mbele ya kihamba (shamba la nyumbani) chake, kitakachobaki ndo kiitwe cha wote. Ndo ilivyokuwa, maana samaki na mafuta mengi viko karibu na pwani. Mi siwalaumu waliodai maili 200, meli za nje zilikuwa zinavua karibu na pwani za watu zinaondoka, ila jamaa naye alikuwa na hoja.

Kazi yenyewe ya ubalozi Pardo aliipoteza 1971 baada ya serikali kubadilika kwao, akaishia kufundisha chuo California, akafariki 1999.

Kuhusu mlimani, hiyo sheria haibagui wasio na pwani, hata Uganda na Burundi wana haki kwenye yale mabonge. Na kobalti na nikeli ndo vitu vinavyotafutwa kwa ajili ya betri, siku ukihamia bajaji ya umeme utakumbuka haya maongezi.

Dogo wa viza akifika huko atuulizie kama wenyewe bado wanamkumbuka.