Maji ya Kufulia Yatumike Tena?

SWALI: Ninafua mashuka ya hoteli hapa Mombasa, na gharama ya maji ya boza inanilemea. Je, maji machafu yaweza kufulia tena?

JIBU: Yaweza, ndugu msomaji. Anza na maji ya suuza ya mwisho, ambayo yanafaa kuloweka mzigo unaofuata baada ya kuchujwa nyuzi tu. Maji ya povu ndiyo yenye kazi: punguza kwanza ukali wa magadi kwa asidi kidogo, hatua ambayo nasisitiza isirukwe, ndipo utie shabu, uchafu ugande kama maziwa yaliyokatika na kutuama, kisha uyapitishe kwenye mchanga, mkaa wa kuchujia na klorini. Chumvi haitoki kwa njia hii, hivyo changanya na maji mapya, la sivyo mashuka yatakakamaa.