Barua ya tetekuwanga: kwa mwalimu mpya wa darasa

Tetekuwanga ikiingia darasani, barua kwa wazazi na walezi iondoke siku hiyohiyo. Mtoto huanza kuambukiza siku 1 hadi 2 kabla ya vipele kutoka, kwa hiyo unapoviona wenzake wameshakaa naye dawati moja. Kwanza muulize mzazi kama mtoto ameonwa na mhudumu wa afya, maana upele wa joto na kuumwa na wadudu hudanganya macho.

Jina la mtoto lisitajwe, wala alama za kumtambulisha. "Mwanafunzi aliyekosa shule tangu jana" ni sawa na kumtaja. Andika "mwanafunzi mmoja wa darasa hili", basi.

Panapokosewa sana ni kwenye tarehe. Kuwaambia wazazi "mwangalieni mtoto wiki hii" ni kuwapoteza, kwa sababu vipele hutoka siku 10 hadi 21 baada ya kukutana na mgonjwa. Wiki hiyo itapita shwari, wazazi walegee, kisha wagonjwa wapya waanze kutokea. Piga hesabu mwenyewe. Tuseme mgonjwa alikuwa darasani tarehe 3, 4 na 5, na vipele vikatoka jioni ya tarehe 5. Hapo unaandika: "Angalieni vipele na homa kuanzia tarehe 13 hadi 26."

Juu kabisa ya barua, kwa herufi nzito, liwepo onyo kwa mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga wala kuchanjwa, kwa mwenye mtoto mchanga nyumbani, na kwa yeyote mwenye kinga dhaifu, kama anayetibiwa saratani. Hao wapige simu kituo cha afya leo, wasingoje vipele. Kuna kinga inayofaa ikitolewa ndani ya siku chache tu. Ukilizika onyo hili aya ya nne, mama mjamzito ataishia ya kwanza akidhani habari ni za watoto peke yao.

Eleza pia lini mgonjwa atarudi: malengelenge yote yakishakauka na kufanya vigaga, kwa kawaida siku 5 hadi 7 tangu vipele vya kwanza. Homa kuisha si kipimo. Vipele hutoka kwa mafungu, na tumbo laweza kuwa limekauka huku vingine vibichi vimejificha kwenye nywele, kwa hiyo mwombe mzazi akague kichwa.

Kuhusu dawa, sentensi mbili zatosha. Mtoto asipewe aspirini, kwani inahusishwa na ugonjwa wa nadra unaodhuru ubongo na ini. Ibuprofeni nayo isitolewe bila ushauri wa daktari.

Barua ikishafika, kwenye kundi la wazazi mtu atauliza, "Ni mtoto wa nani?" Jibu mara moja, kwa upole: "Shule haitaji jina la mtoto anayeumwa. Hata angekuwa wako, tusingemtaja."