2C inayomeza maji bila kuvuja

Ndugu yangu, umesema Corolla yako yenye 2C, ile injini ya dizeli ya Toyota, inapunguza maji bila tone chini, na inachemsha kabla hujafika Kilifi. Usinunue rejeta bado. Injini hiyo ina ujazo wa cc 1974, silinda 4, bloki ya chuma na hedi (kichwa cha juu cha injini) ya alumini. Ikichemsha vibaya, hedi hupasuka, mara nyingi kati ya vali mbili.

Pima asubuhi injini ikiwa baridi kabisa: fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji, piga stata. Mapovu yakitoka mfululizo, na hozi ya juu ikakaza kabla haijapata moto, ni hedi au gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloki. Yangu nilibadilisha gasketi peke yake, wiki tatu baadaye ikarudi pale pale. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele! Fundi aipime hedi kwa presha kabla ya kuirudisha, usikubali kuangaliwa kwa macho.

Na maji ya visima vyetu vya Malindi mengi yana chumvi, yanakula alumini. Tia kulanti, dawa ya rejeta inayozuia kutu, tafadhali. Mkanda wa taimingi nao ubadilishe kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali zinagonga pistoni.