Notisi ya Kaunti na Paka wa Uani: Je, Nikiwaficha Nina Dhambi?

SWALI

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni mjane, nakaa mtaa wa kale katika mji mmoja wa pwani ya Kenya. Tangu mume wangu atangulie mbele ya haki nimekuwa nikiokota paka wagonjwa na waliogongwa na magari, mimi pamoja na mabinti watatu wa mtaani, na sasa wamefika thelathini na kitu hapa uani. Twawalisha vichwa vya samaki tunavyopewa sokoni, na dawa twachangishana. Wengine huletwa usiku ndani ya boksi, asubuhi nafungua mlango nawakuta. Jirani yangu alishtaki kwa sababu ya harufu na vifaranga vyake. Askari wa kaunti wakaja na notisi ya siku saba, kisha wakarudi wakawatia kumi kwenye magunia, na kila nikiuliza wamepelekwa wapi sijibiwi. Waliobaki nimewahamishia kwa binamu yangu, askari nikawaambia wameisha. Ustadh wa msikiti wetu akasema kwenye darsa kwamba kupinga amri ya serikali ni kumuasi ulil-amri, yaani wenye mamlaka, kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha mbwa wauawe Madina na paka ni vivyo hivyo, kwamba kuwahasi ni kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu, na kwamba mwenye kulisha paka ilhali maskini wapo ana la kujibu kesho Akhera. Tangu siku hiyo silali. Je, nina dhambi?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, dadangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo na akuliwaze.

Kulisha kwako si dhambi. Lala. Maswahaba walimuuliza Mtume kama wana malipo kwa ajili ya wanyama, akawajibu kwamba kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, kukitendea wema kuna ujira. Hadithi hiyo imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, na ustadh wenu anaijua kama mimi ninavyoijua. Mambo ya unyoya wa paka na swala siyagusi, hayo yamesomwa chuoni tangu utotoni.

Nitakalolikalia ni hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka, kwa kuwa katika ugomvi huu kila upande unaitupa upande wa pili. Bila shaka umeshawasomea askari. Isome tena hadi mwisho. Mwanamke yule hatukuambiwa kwamba alimpiga jiwe au alimtilia sumu. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie vijidudu vya ardhini. Paka yule kabla ya kufungiwa alikuwa na riziki yake jaani na darini kwa watu. Mlango ulipofungwa, riziki ile ikawa juu ya aliyeufunga. Kwa hivyo yeyote mwenye kumtia paka kizuizini, awe na sare au awe na huruma, amejitwika dhima hiyo. Waliowatia paka kumi kwenye magunia wanaulizwa: wako wapi, wamekula nini, wamekunywa nini? Na wewe mwenye thelathini na kitu uani unaulizwa yale yale. Nitarudi kwako. Kwanza nimalizane na ustadh.

Amesema kumpinga mwenye mamlaka ni uasi. Aya ya 59 ya Suratun Nisaa, inayoamrisha kuwatii wenye mamlaka, twaikubali sote. Lakini Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Sayyidna Ali kisa cha amiri aliyewakasirikia askari wake, akawakusanyia kuni, akawasha moto, akawaamrisha waingie. Wakakataa. Habari ilipomfikia Mtume akasema lau wangeingia wasingetoka humo, na kwamba utiifu ni katika mema. Wanavyuoni wetu wa Kishafi wakaweka kanuni kwamba amri za kiongozi kwa raia zimefungamana na maslahi yao. Kaunti ikikwambia paka thelathini hawafai ndani ya nyumba iliyobanana na nyingine, hayo ni maslahi, na kutii ni wajibu. Ikikwambia uwachanje, tii. Ikikwambia uwakabidhi wakauawe bila ugonjwa wala dhara, huo ndio moto wa yule amiri, na kuukataa si uasi.

Tena ulil-amri wa Kenya wana maandishi yao. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kuangalia hali yao, pamoja na mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika. Na ipo sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, ambayo haimbagui askari na raia. Ajabu ni kwamba mwenye kuhubiri utiifu ametaja notisi akasahau Katiba! Mama mjane anayetunza wanyama uani mwake anafanya kwa vichwa vya samaki sehemu ya kazi ambayo wengine wamekabidhiwa pamoja na bajeti. Hilo halimpi ruhusa ya kumuudhi jirani, lakini lilistahili kutajwa kwenye darsa.

Kuhusu mbwa wa Madina, hapa ustadh amenisikitisha, maana amesoma nusu ya mlango. Katika Sahihi Muslim, baada ya amri ile Mtume alisema, "Wana nini wao na mbwa?", akaruhusu mbwa wa kuwindia na wa kuchungia. Imam Nawawi, mwanachuoni wa Kishafi, katika sherehe yake ya kitabu hicho amenukuu kutoka kwa Imamul Haramayn, mwanachuoni wa Kishafi aliyemtangulia, kwamba amri ya kuua ilifutwa, na jambo likatulia kwenye katazo la kumuua mbwa asiye na madhara, hata mweusi. Sasa hukumu iliyofutwa kwa mbwa itahamishiwaje kwa paka? Na paka ndiye aliyesemwa na Mtume, katika hadithi ya Abu Qatada, kwamba si najisi, ni katika wanaotuzungukazunguka. Wapo watano walioruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram, eneo takatifu la Makka: kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mwenye kushambulia. Paka hayumo.

Najua swali hili limechangamka zaidi tangu Shirika la Wanyamapori la Kenya litangaze, mwaka 2024, mpango wa kuwapunguza kunguru wa pwani kwa sumu. Watu barazani wakasema: kama kunguru ameruhusiwa, paka ana nini? Ana hili, kwamba kunguru ametajwa kwa jina katika hadithi na paka hakutajwa. Hata huyo kunguru, sumu inayotupwa ovyo ikafikiwa na mtoto au kuku wa watu ina maswali yake.

Kuhasi ni mas'ala yenye tofauti za kweli, na sitamlaumu ustadh kwa kushika kauli ya madhehebu yetu, kwa kuwa vitabu vya Kishafi vimeharamisha kumhasi mnyama asiyeliwa. Nalomlaumia ni kuifanya kauli moja kuwa dini nzima. Wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi wameruhusu kuhasi wanyama panapo manufaa au pa kuondoa madhara, na paka wamemtaja kwa jina. Katika wanavyuoni wa zama zetu, Sheikh Ibn Uthaymin alijibu kwamba paka wakiwa wengi wenye kuudhi, na operesheni isiwadhuru, hapana ubaya, kwani ni bora kuliko kuwaua baada ya kuumbwa. Aya ya 119 ya Suratun Nisaa aliyoisoma ustadh inahusu wanaobadilisha maumbile kwa kumtii shetani. Kama ingekuwa inagusa kila kuhasi, kondoo dume waliohasiwa ambao Mtume aliwachinja siku ya Idi tungewaelezaje? Na maksai tunaowala kwenye harusi zetu? Mimi nachukua kauli ya ruhusa hapa, kwa sharti kazi ifanywe na daktari wa mifugo, kwa ganzi. Paka jike mmoja huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na usipofunga kizazi leo, utafunga mlango kesho.

Na maskini? Hoja hii huwa haimgusi mwenye kununua sofa mpya. Vichwa vya samaki vilikuwa vinakwenda jaani. Maskini gani amenyang'anywa? Sultani Baybars wa Misri, aliyefariki 1277, alitenga bustani karibu na msikiti wake kaskazini ya Cairo, mapato yake walishwe paka wasio na wenyewe. Wasimamizi na wanunuzi waliiuza na kuiuza tena hadi ikabaki kodi ndogo tu. Mwingereza Edward Lane, aliyekaa Cairo katika karne ya 19, ameandika kwamba mzigo ule ulimwangukia kadhi mwenyewe. Kila siku baada ya alasiri matumbo na mabaki ya nyama yaliletwa kwenye ua mkubwa wa mahakama, paka wakaitwa. Watu waliochoka na paka wao wakawa wanakwenda kuwaachia papo hapo, kama wewe unavyoachiwa maboksi. Fikiria, mahakama ya kadhi! Hakuna aliyemwambia kadhi yule kwamba amewasahau maskini.

Sasa wewe, dadangu, na usione nimekugeukia. Jirani yako ana haki ambayo Jibril aliihimiza mpaka Mtume akadhani jirani atarithishwa. Harufu ya mkojo wa paka thelathini, jua la Februari likiwa utosini na ukuta ni mmoja, ni adha, na adha kwa jirani haihalalishwi na nia njema. Imam Nawawi katika kitabu chake cha fiqhi, Minhaj, amesema paka aliyezoeleka kula ndege au chakula cha watu, mwenyewe hulipa, iwe usiku au mchana. Kwa hivyo vifaranga vya jirani vilivyoliwa vilipe. Mpelekee mwenyewe, usimtume binti, na umwombe radhi kabla hujazungumza habari ya kaunti.

Uliyowaambia askari kwamba wameisha ni uongo. Wanavyuoni wameruhusu uongo wa kumficha anayetafutwa auawe kwa dhulma, na huenda wewe uliona magunia ukadhani ndiyo hayo. Lakini ulikuwa na mlango mwingine, wa kusema, "Sitawatoa mpaka mnionyeshe kwa maandishi wanapelekwa wapi." Omba msamaha kwa Mola wako, kisha wapelekee ukweli kwa barua. Andika ya kuuliza walipo wale kumi, uitaje Sura ya 360 na Jedwali la Nne, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Omba afisa wa mifugo wa kaunti aje kuwachanja waliobaki kichaa cha mbwa, kwani paka pia huupata na kuuambukiza. Mabinti wako wajue kwamba aliyeng'atwa au kuparuzwa huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona.

Punguza idadi. Walio wazima, wakishahasiwa na kuchanjwa, warudishwe sokoni na gatini walikotoka, wakapate panya wao. Wabakie wagonjwa na vipofu, kwa kadiri ya nguvu zenu nyinyi wanne. Boksi likiletwa usiku, huna wajibu wa kulipokea kama huna nafasi wala chakula. Kumpokea paka ili afe njaa ndani ya ua wako ndiko kule kwa mwanamke wa hadithi.

Katika michango, tenga zaka. Aya ya 60 ya Suratut Tawba imetaja mafungu manane, na paka si katika mafungu hayo. Aliyekupa zaka mrudishie au mwombe airidhie iwe sadaka, na yeye aitoe zaka yake upya.

Umesema ulianza baada ya kufiwa. Sikuulizi zaidi. Ila nakuomba usiku mmoja au miwili ya wiki wale mabinti washike zamu uani, wewe uende kwa ndugu zako ukalale huko, ule chakula ulichopikiwa na mtu mwingine. Barua ikijibiwa, au isipojibiwa kwa mwezi, niandikie tena, nitakutafutia wakili wa kuitazama bila malipo.

Wallahu a'lam.