"Mgeni anasema wewe ni mjanja"

Nilikuwa nauza khanga Kariakoo, dukani kwa mama mmoja ambaye hadi leo namheshimu. Akaingia Mwingereza, anataka doti 20 kwa bei ya kutupa. Mama hakushusha hata shilingi. Akamwambia akichukua 30 ataletewa mpaka hotelini bure. (Hoteli yenyewe ilikuwa njiani kwangu, kwa hiyo mbebaji mnamjua.) Mgeni akacheka, akatoa pesa: "You are a shrewd woman."

"Anasemaje?" Mama akaniuliza.

"Anasema wewe ni mjanja."

Uso ukamkunjamana. "Mjanja? Nimemwibia nini?"

Kosa lilikuwa langu. Kamusi yangu ndogo iliwapanga "shrewd" na "cunning" chumba kimoja: -janja, -erevu. Mimi nikakariri, basi.

Ushauri wangu: usiandike neno peke yake daftarini, liandike na wenzake linaotembea nao. Nilipoanza hivyo nikakuta "shrewd investor", "shrewd move", na lile lililonifumbua macho, "shrewd guess": kukisia kwa mtu anayekijua anachokikisia. "Cunning" nalo nikalikuta na mbweha na matapeli. Hapo huhitaji mwalimu.

Halafu linganisha tafsiri za kitabu unachokijua. Mathayo 10:16, Biblia yetu ya Union inasema tuwe na busara kama nyoka. Ya Kiingereza ya NIV inasema "shrewd". Lakini busara pekee haitoshi. Babu yangu alikuwa na busara tele, na sokoni walimlangua kila Jumamosi.

Waingereza wenyewe neno "shrewd" lilishawapa taabu. Limetokana na "shrew", kinyama kama panya chenye pua ndefu, na zamani lilimaanisha mwovu. Sifa ilikuja baadaye. Kulitamka je? Usiseme "shurudi" kama nilivyokuwa nikisema mimi. Sh na r ziunganishe, usichomeke irabu katikati.

Ilinichukua wiki kupata Kiswahili chake. Nikamfuata Mama: "Yule mgeni alimaanisha wewe huuziwi mbuzi kwenye gunia."

Akanitazama kidogo. "Sasa si ungesema hivyo siku ile?" Kisha akanisogezea furushi jingine la kupeleka hotelini.