Jibu: Kiingereza cha kazini na wenzetu wa India na Vietnam

Ndugu muuliza swali, umeeleza kwamba ofisi yenu ya kusafirisha korosho hapa Mtwara huwasiliana kwa Kiingereza na wenzenu wa India na Vietnam, na kwamba mnapishana ingawa sarufi yenu ni safi. Kwa maoni yangu, sarufi si mkosaji mkuu.

Chunguza kwanza maswali ya kukanusha. Mtu akikuuliza iwapo mzigo haujaondoka bandarini, sisi huitikia "ndiyo", tukimaanisha kwamba ni kweli haujaondoka, ilhali Mwingereza hapo hutarajia "hapana". Niliwahi kujibu hivyo kwa neno moja, na mnunuzi akaanza kutafuta meli ambayo kontena letu halikuwa limepakiwa. Tangu siku hiyo huandika sentensi nzima: mzigo ungali bandarini.

Saa nazo zina mtego wake, kwa kuwa saa mbili yetu ya asubuhi kwa Kiingereza huitwa saa nane, tena Vietnam imetutangulia kwa saa nne huku India ikitutangulia kwa saa mbili na nusu. Taja saa ya kila upande. Mwezi uandike kwa jina, kwani 3/4 husomwa kwa namna mbili. Neno laki Mhindi atalielewa hata ndani ya Kiingereza, maana ni lake tangu asili, lakini Mvietnam mwandikie 100,000.

Kikao kikiisha, watumie wote mliyokubaliana kwa mistari mitano, kisha umwombe kila mmoja arudie sehemu yake kwa maneno yake mwenyewe.