Meno ya mwanangu yana rangi ya chai: ni maji au ni mifupa?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu ana miaka minne na amekwisha kuvunjika mguu mara tatu. Katika hospitali ya rufaa tuliambiwa ana ugonjwa wa kurithi wa mifupa kuvunjika kwa urahisi, na kila baada ya miezi mitatu huwekewa dripu ya pamidronati, dawa ya kuimarisha mifupa. Meno yake yaliota yakiwa na rangi kama ya chai ya rangi, na mawili ya mbele yamesagika hadi karibu na fizi. Majirani wanasema ni maji yetu, bibi yake humsugua kwa mkaa, na kwenye kituo cha afya nilijibiwa kwamba meno ya utotoni yatang'oka yenyewe. Nimsikilize nani?
Mama mzazi, Arumeru

JIBU: Marahaba, mama. Majirani zako wana sababu ya kudhani hivyo, kwa kuwa maji ya sehemu nyingi zinazouzunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidishwe, na meno ya kahawia huko si jambo la ajabu. Hata hivyo, floraidi huharibu enameli, yaani gamba gumu la nje, na kwa kawaida huonekana zaidi kwenye meno ya ukubwani kuliko ya utotoni. Meno yaliyoota yakiwa na rangi na kusagika mapema kiasi hicho, kwa mtoto mwenye mifupa ya namna hiyo, hunielekeza kwenye ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa huo, ambao kitaalamu huitwa osteojenesisi imperfekta, mara nyingi hutokana na hitilafu katika jeni ya COL1A1 au COL1A2, ambazo huuongoza mwili kutengeneza kolajeni ya aina ya kwanza. Kolajeni hiyo ndiyo kiunzi cha mfupa, na ndiyo pia kiunzi cha dentini, tabaka lililo chini ya enameli. Enameli ya mwanao huenda haina kasoro kubwa, lakini imekaa kama lipu juu ya ukuta wa udongo uliolowa: hubanduka vipandevipande, kisha dentini iliyobaki wazi husagika upesi. Si kila mwenye ugonjwa huu hupata meno ya namna hiyo, na kwa wanaoyapata, ya utotoni huathirika zaidi kuliko ya ukubwani.

Kwa hiyo mkaa uachwe leo. Mweleze bibi kwa heshima kwamba rangi ile imo ndani ya jino, na kila akisugua anapunguza kile kidogo kilichobaki. Mswaki uwe laini, mara mbili kwa siku, na dawa ya meno yenye floraidi isizidi ukubwa wa punje ya njegere, na mtoto afundishwe kuitema. Maji ya kunywa na kupikia ni shauri jingine: kama mnaweza kukinga maji ya mvua kwa usafi, tumieni hayo, kwani kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Muwa na mahindi ya kuchoma asitafune.

Jibu ulilopewa kituoni silikubali. Magego ya mwisho ya utotoni hung'oka mtoto akikaribia miaka 12, na miaka minane ni mingi mno kwa mtoto kuishi bila meno ya kutafunia. Isitoshe, jino lililosagika huweza kufanya jipu hata bila tundu. Magego yanayosalia yanaweza kuvikwa vikofia vya chuma kisichoshika kutu, na kazi hiyo hufaa ifanyike kabla hayajasagika. Mwombe daktari wa meno amwone siku ileile ya dripu, ili safari iwe moja.

Daktari huyo aambiwe habari za pamidronati kabla ya kung'oa jino lolote. Dawa za kundi la pamidronati zimejulikana kuchelewesha kupona kwa taya, hasa kwa watu wazima wenye saratani wanaopewa dozi kubwa. Kwa watoto wa ugonjwa huu hatari imeonekana kuwa ndogo sana, lakini ni vema madaktari wote wawili wapange pamoja. Mpandishe mtoto kwenye kiti wewe mwenyewe, asivutwe mkono wala kubanwa kwa nguvu. Awekewe mito, na taya la chini lishikiliwe jino linapong'olewa.

Akifika miaka saba, mwombe daktari atazame jinsi meno ya juu na ya chini yanavyokutana, kwa sababu kwa wengi wenye ugonjwa huu taya la chini hutangulia mbele, na marekebisho hupangwa mapema.